Choo Kimoja, Mfereji Mmoja: Maradhi Makubwa na Nyumba za Watu Wengi

Katika vipindi vilivyopita tumezungumza juu ya kunyonyesha, chandarua na chanjo za mtoto. Leo nimewaletea mazungumzo ambayo nusu ni ya afya na nusu ni ya historia. Nitaeleza sababu.

Mwezi wa Aprili mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipokuwa umeshaingia nchini, nilikuja studio kuwasomea akina mama maagizo ya Wizara ya Afya. Nilisema: kaeni nyumbani, osheni mikono kwa sabuni, msikaribiane, na mtu akianza kukohoa akae katika chumba chake peke yake. Nilipomaliza kusoma tukafungua simu. Mama mmoja wa Ukunda akapiga. Alinisalimu kwa heshima, kisha akasema: "Sista, nimekusikia vizuri. Lakini nyumba yetu ina vyumba vinane, na kila chumba kina familia. Choo ni kimoja, bafu ni moja, mfereji ni mmoja. Chumbani kwangu tuko sita. Huyo anayekohoa nimweke wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ajitahidi kadiri awezavyo, mtangazaji akaweka wimbo, na muda wetu ukaisha. Nilirudi nyumbani Kinondo siku ile nikiwa na aibu. Yale niliyoyasoma yaliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba ya vyumba vitatu, watu wanne, na choo ndani. Wala sikusudii kuilaumu Wizara. Mimi ninayezijua nyumba za Ukunda ndiye niliyepaswa kufikiri kabla ya kufungua mdomo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza wazee: maradhi makubwa yalipokuja zamani, watu wa pwani waliokaa wengi pamoja walifanyaje? Maana Korona haikuwa ya kwanza.

Kwanza tuielewe nyumba yenyewe. Msikilizaji ambaye amepanga Ukunda, Likoni au Msambweni anaijua bila kuelezwa. Ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, mlango wa mbele wenye baraza na mlango wa nyuma wa kutokea uani. Uani ndipo penye choo, bafu, mfereji, kamba za nguo na majiko. Mwanzoni nyumba ya namna hii ilikuwa ya ukoo mmoja, babu na watoto wake na wake zao. Miji ilipokua, na hoteli za Diani zilipoanza kuvuta wafanyakazi kutoka kila pembe ya Kenya, chumba kimoja kimoja kikapangishwa kwa watu wasiojuana. Ikawa Mdigo anapakana na Mkamba, Mluo na Mtaita, na wote wanachangia choo. Wakaishi. Mtoto wa chumba cha kwanza akilia, mama wa chumba cha nne anambeba. Hilo tulikumbuke, maana nitalirudia.

Sasa tuvuke bahari kidogo twende Unguja.

Katika karne ya kumi na tisa kipindupindu kilipiga pwani yetu zaidi ya mara moja. Kilipiga mwaka 1821, kikarudi 1836 na 1837, kikarudi tena 1858 na 1859, kisha kikaja kikubwa cha 1869 na 1870. Wakati wa hicho cha mwisho alikuwapo Unguja daktari mmoja wa Kiskoti, James Christie. Daktari huyu alikuwa na tabia nzuri ambayo ningependa wauguzi wote tuwe nayo: aliuliza watu. Aliwauliza wafanyabiashara wa misafara na mabaharia wa majahazi, wapi waliona ugonjwa na lini. Kutokana na majibu yao aliweza kuuchorea ugonjwa njia yake: kutoka pande za Bahari ya Shamu, ukapita bara katika nchi ya Wamasai, ukashuka pwani Pangani, kisha ukavuka kwenda Unguja mwishoni mwa mwaka 1869. Mwaka 1876 alitoa kitabu kizima juu ya habari hiyo.

Mjini Unguja watu walikufa kwa maelfu. Mji ule, ambao leo watalii huupenda kwa vichochoro vyake, ulikuwa umejaa watu. Maji ya watu wengi yalitoka katika visima vifupi vilivyochimbwa baina ya nyumba, na mashimo ya vyoo hayakuwa mbali. Ardhi ya pale ni jiwe la matumbawe lenye matundu, kama hili letu la Kinondo na Diani. Maji machafu yakimwagwa huku yanaibukia kule. Mwenye nyumba ya ghorofa na mtumwa wake wangeweza kunywa kutoka ardhi ile ile moja, ingawa mmoja alichota kwa kata ya fedha na mwingine kwa kifuu.

Wakati huo kulikuwa na mabishano makubwa duniani. Madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya, harufu ya uchafu na umande. London, mwaka 1854, daktari John Snow alikuwa ameonyesha kwamba wagonjwa wengi wa mtaa mmoja walikunywa maji ya bomba moja la mtaani, katika barabara ya Broad Street. Mkono wa bomba lile ukaondolewa. Hata hivyo ilichukua miaka mingi kabla wakubwa kukubali kwamba ugonjwa ulikuwa ndani ya maji. Kosa hilo lilikuwa na gharama. Ukiamini ni harufu, utachoma udi na kupaka chokaa ukutani, na kesho utachota maji kisima kile kile.

Baada ya hapo alitawala Sultani Barghash bin Said, kuanzia 1870 hadi 1888. Katika enzi yake yalivutwa maji ya chemchemi kutoka nje ya mji kwa mfereji na mabomba hadi mjini. Sitasema alifanya hivyo kwa sababu ya kipindupindu peke yake. Alikuwa mtawala aliyependa mambo makubwa, na alipata kukaa uhamishoni Bombay akaona mji mkubwa ulivyo. Lakini tazameni, akina mama, jambo lililofanyika. Watu wa mjini hawakuambiwa waache kuchangia maji. Waliendelea kuchangia, tena zaidi kuliko kwanza, maana chemchemi moja ilinywesha wengi. Kilichobadilika ni mahali maji yalipotoka na njia yaliyopita.

Hapa niseme kidogo kama muuguzi, kwa sababu kipindupindu hakikubaki katika vitabu. Kilirudi Kenya mwaka 1971, kikaenea sana baada ya mvua za El Nino za 1997, na kimerudi mara kadhaa tangu hapo. Mtu akihara maji meupe kama maji ya mchele, usingoje kesho. Mpe maji ya kuongeza nguvu mwilini ya pakiti kutoka kituo cha afya. Kama pakiti haipo, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko sita vidogo vya sukari, vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe kidogo kidogo huku mkielekea hospitali. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Turudi kwenye historia. Si kila mara watawala walitazama maji. Mara nyingine walitazama watu. Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi, mji wa reli ambao ulikuwa na miaka michache tu. Mabanda ya soko la Wahindi yalikuwa yamesongamana, na panya walikuwa wengi. Serikali ya kikoloni ikalichoma soko lile moto. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 1913, alitumwa profesa kutoka Uingereza, W. J. Simpson, kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki, na ripoti yake ilitolewa 1915. Ndani yake alishauri miji igawanywe: Wazungu mtaa wao, Wahindi mtaa wao, Waafrika mtaa wao, na nafasi wazi katikati. Ushauri huo ulivaa kanzu ya afya. Lakini panya hasomi mipaka ya mitaa, na mtaa wa Mwafrika haukupata mfereji zaidi kwa kutengwa. Matokeo ya mawazo yale tunayaona mpaka leo ukitembea katika miji yetu: penye nafasi kubwa pana maji, na penye watu wengi ndipo pana choo kimoja.

Kisha ikaja homa ya mwaka 1918. Hiyo ndiyo iliyofanana zaidi na Korona, na ajabu ni kwamba tumeisahau kabisa. Nimewauliza vikongwe hapa Kinondo na Gazi, na wengi walikumbuka kusimuliwa vita vya Mjerumani na wapagazi wa Kariakoo, lakini si homa.

Homa hiyo, mafua makali yaliyozunguka dunia nzima, iliingia Kenya kupitia bandari ya Mombasa mwezi wa Septemba mwaka 1918. Ilikuta watu wamechoka. Vita vilikuwa havijaisha, vijana walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na mwaka huo mvua zilikuwa haba na chakula kidogo. Watafiti waliopekua karatasi za serikali ya kikoloni za Mkoa wa Pwani walikuta kwamba mwaka 1918 vifo viliongezeka mara sita kuliko kawaida, na watu waliokwenda kutafuta matibabu waliongezeka mara tatu. Walikadiria kwamba katika kila watu 1,000, wapatao 25 walikufa kwa homa ile. Fikiri kijiji chako. Hesabu nyumba, kisha uondoe watu 25 katika kila elfu, ndani ya miezi michache tu.

Tena haikuchagua wazee peke yao. Dunia nzima, homa ya 1918 iliua sana vijana wenye nguvu, na akina mama wajawazito walikuwa miongoni mwa waliodhurika zaidi. Dawa ya kuua vijidudu vya kifuani ilikuwa haijapatikana. Hata kirusi chenyewe cha mafua ya binadamu hakikutambuliwa mpaka mwaka 1933.

Sasa linganisheni. Kipindupindu cha Unguja kilipita katika maji. Homa ya 1918 ilipita katika pumzi: ndani ya behewa la treni, ndani ya kambi ya wapagazi, ndani ya chumba walimolala wengi mlango ukiwa umefungwa. Maji unaweza kuyavuta kwa bomba kutoka mlimani. Pumzi utaivuta kutoka wapi? Swali hilo ndilo lililotukuta sisi miaka mia moja na mbili baadaye.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Shule zikafungwa siku chache baadaye. Misikiti na makanisa yakafungwa. Matatu ya abiria 14 ikaamriwa kubeba 8, na nauli ya Ukunda kwenda Likoni ikapanda, kwa hiyo mama muuza samaki akalipia viti ambavyo hakuvikalia. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili kaunti za Kwale, Kilifi na Mombasa zikafungwa, mtu asiingie wala asitoke.

Siku ya kwanza ya kafyu ilionyesha jambo. Kivuko cha Likoni, ambacho kwa kawaida kilivusha watu zaidi ya laki tatu kwa siku, kilijaa watu waliotaka kuwahi nyumbani kabla ya saa moja. Serikali iliwataka watu waachane, na saa hizo za serikali ndizo zilizowakusanya pahali pamoja. Polisi wakawapiga kwa marungu na kuwarushia vitoa machozi. Watu wakakohoa, wakalazwa chini, wakabanana zaidi kuliko siku yoyote. Rais baadaye aliomba radhi kwa nguvu zilizotumika nchini siku zile. Tangu mkasa wa feri ya Mtongwe mwaka 1994, ambapo watu zaidi ya 270 walizama, wananchi wa upande huu walikuwa wakiomba njia nyingine ya kuvuka. Ajali ile haikuleta daraja. Korona ililileta: daraja la kuelea la waendao kwa miguu, baina ya Liwatoni na Ras Bofu, lilifunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2021. Kwa mara nyingine, kilichosaidia hakikuwa kuwakemea watu wasisongamane. Walipewa njia ya pili.

Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa peke yake kuanzia tarehe 6 Mei mpaka mapema Juni 2020. Huko nyumba zimegusana ukuta kwa ukuta. Watu wengi waliogopa kupimwa, si kwa sababu ya ujinga kama walivyosemwa, bali kwa sababu siku zile mtu aliyewekwa karantini aliweza kudaiwa gharama za kulala na kula. Mama mwenye watoto watano akiambiwa akapimwe, alikuwa akipiga hesabu.

Mwezi wa Ramadhani mwaka huo ulikuwa mgumu. Tarawehe majumbani, futari bila wageni, na Iddi mwishoni mwa Mei bila kupeana mikono. Masheikh wengi walitukumbusha habari ya Sayyidna Umar, alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, akarudi. Na mafundisho ya Mtume kwamba mkisikia tauni iko katika nchi msiingie, na ikizuka mlipo msitoke kuikimbia. Hilo liliwapa watu moyo zaidi kuliko mabango yetu. Kilichouma zaidi ni maziko. Kuambiwa watu wasiozidi kumi na watano, kuona maiti ikiletwa na watu waliovaa mavazi meupe usoni, hakuna hanga, hakuna wa kulia naye. Mpaka leo wapo akina mama wanaokuja kliniki kwa maumivu ya kichwa, na ukikaa nao kidogo unagundua wanazungumzia maziko ya mwaka ule.

Mwezi wa Juni 2020 Wizara ilitoa utaratibu wa kuuguza wagonjwa wasiozidiwa majumbani. Uamuzi ulikuwa wa busara, maana hospitali zingejaa. Lakini swali la yule mama wa Ukunda likarudi. Nikaamua kwenda mwenyewe, pamoja na mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa ule.

Nilikuta wamenitangulia. Akina mama wa vyumba vinane walikuwa wamekaa kikao uani, bila mwenye nyumba na bila mimi. Familia mbili ambazo ni ndugu zilikubali kulala chumba kimoja, ili chumba cha mwisho, kilicho karibu na mlango wa nyuma, kibaki kitupu kwa yeyote atakayeugua. Mtu mmoja alikwenda sokoni kwa niaba ya nyumba nzima, kwa zamu. Mlangoni pa choo walitundika kibuyu chirizi cha mtungi wa lita tano, na sabuni ikafungwa kwa soksi kuukuu ili watoto wasiipoteze. Anayeugua alitumia choo mwisho, na aliyemhudumia alimwaga maji na sabuni baada yake. Pesa za chama zilitumwa kwa simu, mkutano wa kila Ijumaa ukasimama.

Niliwasifu sana. Kisha nikaingia kile chumba cha mgonjwa, nikaona dirisha limezibwa kwa gunia. Walisema ni kwa ajili ya mbu na wezi. Na hapo nikatambua kosa letu sisi wahudumu. Tulikuwa tumetumia miezi kuhubiri kunawa mikono na kupangusa vitasa, mambo ambayo ni mema na yanazuia kuhara. Juu ya hewa tulisema machache mno. Sasa inajulikana wazi kwamba Korona husafiri sana katika hewa ya ndani isiyotembea. Tulikuwa kama wale wa zamani wa London, ila tumegeuza: wao waliogopa hewa wakasahau maji, sisi tulikazania maji tukasahau hewa. Tukaondoa gunia, tukaweka wavu wa waya, na chandarua juu ya kitanda. Mlango wa mbele na wa nyuma wa ule ukumbi mrefu ukaachwa wazi mchana kutwa. Waliojenga nyumba zile walijua upepo wa kusi unapita vipi. Sisi ndio tuliojaza ukumbi makabati na pikipiki.

Kuna mengine sikuyategemea. Hoteli za Diani zilipofungwa na shule zikafungwa, wazazi wengi wa Ukunda na Mombasa waliwaleta watoto kwa bibi zao huku Kinondo. Kwa mtoto ilikuwa salama, kwa bibi ilikuwa hatari, maana wazee ndio waliozidiwa. Nilimtembelea bibi mmoja mwenye sukari, nikamkuta anakula sinia moja na wajukuu saba. Nikamweleza kwa upole. Akanitazama akasema: "Mwanangu, unataka nile peke yangu kama mbwa?" Nikakaa kimya. Baadaye tulikubaliana: mkeka ni ule ule, chini ya mwembe ni pale pale, lakini kila mmoja ana sahani yake na bibi amekaa upande upepo unakotoka. Alikubali hilo. Kula peke yake chumbani asingekubali kamwe, na sidhani ningekubali mimi.

Lipo na lingine ambalo bado linanikaa moyoni. Usiku mmoja wa kafyu, mama wa nyumba nyingine ya kupanga alishikwa na uchungu. Bodaboda watatu walikataa kutoka kwa kuogopa polisi. Majirani wa vyumba vya jirani walimpokea mtoto, wakamfunika kwa leso, wakamwekea kifuani pa mama yake. Damu haikukoma. Alfajiri wakamletea gari, akapelekwa Msambweni, akaongezwa damu, akapona. Sisemi hivi ili mtu ajifungulie nyumbani. Mama mjamzito apange usafiri mapema, na ajue dharura ya uzazi haizuiwi na kafyu yoyote. Nasema hivi kwa sababu wale majirani ndio wale wale ambao mimi, redioni, niliwaambia wasikaribiane. Wangenitii sawasawa, mama yule angekufa.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na mwezi wa Mei mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura imekwisha. Mengi yamerudi kama zamani. Matatu zinajaza tena mpaka mlangoni. Masinia ya harusi yamerudi, nami nimekula. Vibuyu chirizi vingi vimekauka, na hilo linanisikitisha, kwa kuwa ugonjwa wa kuhara haukuondoka. Kliniki nyingi zilihamisha mabenchi ya akina mama kutoka ukumbini kwenda nje kivulini, na pale ambapo bado yako nje naomba yabaki huko. Kifua kikuu nacho hupita katika hewa ya chumba kilichofungwa, na kilikuwapo kabla ya Korona na bado kipo. Mtu akikohoa wiki mbili au zaidi aende akapimwe. Vipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure.

Yule mama wa Ukunda alinipigia tena hivi karibuni, si redioni bali kwa simu yangu. Mwenye nyumba ameongeza vyumba viwili uani. Sasa ni familia kumi. Choo ni kile kile kimoja, na moja ya vyumba hivyo vipya limejengwa mbele ya mlango wa nyuma, upepo haupiti tena. Alitaka kujua kama kuna wa kumwambia.

Yupo. Kila wadi inaye afisa wa afya ya umma. Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, inampa uwezo wa kuingia katika nyumba ya kupanga, kuhesabu watu, kutazama vyoo na madirisha, na kumwandikia mwenye nyumba barua ya kumtaka arekebishe. Mpangaji anaweza kupeleka malalamiko mwenyewe, na ni bora zaidi wakienda wengi pamoja, wakitaja idadi ya vyumba, idadi ya watu na idadi ya vyoo. Wale akina mama wamekwisha kukaa kikao uani, na wanane kati ya kumi wameweka majina yao. Siku ya Jumatatu nitakwenda nao.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya mtoto anayekataa kula baada ya homa. Kwaherini.